Baiskeli ya Deo Bado Haijachukuliwa

Juzi, mafundi wangu, mlinifanyia sherehe ya kuniaga. Mlipika pilau, mkanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu akiacha kazi ndipo anapoanza kuhitaji kujua saa. Nawashukuru. Lakini hata sahani hazijaondolewa, mmoja wenu, simtaji, alinyoosha kidole kwenye ile baiskeli ya kijani iliyo nyuma ya karakana akauliza kama sasa Mzee ataichukua nyumbani au itauzwa, maana inakula nafasi. Sikumjibu, kwa sababu maneno yaliyonijia hayakufaa mbele ya wageni. Namjibu hapa. Nimeketi kuandika nikiwa na hasira, na nikimaliza nitakuwa nayo bado, kwa hiyo asije mtu kunishauri ninywe maji ya baridi.

Ile baiskeli si yangu. Haijawahi kuwa yangu hata siku moja. Ni kazi iliyokwisha ambayo mwenyewe hajaichukua.

Niliingia katika karakana hii nikiwa kijana wa ndevu za kwanza. Fundi mkuu alikuwa Mzee Athumani, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa na kanzu ya kazini na kanzu ya msikitini, na zote mbili zilikuwa na mafuta ya mnyororo. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa tupa na kopo la klaveti akaniambia nisugue mpaka aseme basi. Hakusema basi mpaka Ramadhani iliyofuata.

Nyinyi mmezoea baiskeli ambazo mkono wa pedali unafungwa kwa bolti, kwa hiyo acheni nieleze. Katika baiskeli za zamani mkono wa pedali hushikwa kwenye ekseli na pini ya chuma, fupi kuliko kidole, nyembamba mwishoni, iliyosuguliwa bapa ubavuni. Hiyo ndiyo klaveti. Inapita kwenye tundu la mkono, bapa lake linalala juu ya bapa la ekseli, unagonga kwa nyundo, unakaza nati. Ikikaa vizuri, mtu anashuka milimani na mikungu ya ndizi na kurudi bila kusikia mlio wowote. Ikikaa vibaya, pedali inacheza, na mteja anakutukana kutoka sokoni mpaka kwao. Lakini klaveti haikai yenyewe. Lazima uisugue, uijaribu, uisugue tena, mpaka ikubali tundu lake hilo moja. Ikishakaa humo miaka kadhaa inashika umbo la baiskeli yake, na huwezi kuiazima kwa nyingine.

Juu ya jambo hilo Mzee Athumani alijenga sheria yake. Ukileta baiskeli, anaitoa klaveti ya kushoto, anaifuta, anakupa mkononi uende nayo nyumbani. Ukija kuchukua baiskeli unaleta klaveti. Ikiingia ikakaa, chukua mali yako. Isipoingia, kwaheri. Zamani alikuwa akitoa vikaratasi, hadi siku mashemeji wawili walipokuja na vikaratasi viwili vya baiskeli moja, wakapigana hapa mlangoni mpaka jino la mmoja likabaki ndani ya beseni la kutafutia pancha. Tangu hapo hakutaka tena kuona karatasi. “Karatasi iko na ulimi,” alikuwa akisema. “Chuma apana.” Mtaa wetu wote wa Buyenzi uliijua sheria hiyo, na mjini kote waliijua. Mtu alipoonekana akitembea kwa miguu huku akichezea klaveti, watu walijua baiskeli yake iko kwetu.

Deo alikuja miaka ya sabini. Alikuwa karani wa shule, anakaa mtaa wa Nyakabiga, mwembamba, mguu wa suruali umebanwa kwa kibanio cha nguo ili usiliwe na mnyororo. Alikuwa amenunua baiskeli ya mbio kwa padre mzungu aliyekuwa akirudi kwao, na siku hiyo tayari baiskeli yenyewe ilikuwa kongwe. Fremu ya mabomba membamba ya chuma, viungo vyake vimechongwa ncha kama majani, usukani wa kuinamia kama pembe za kondoo, na matairi membamba ya kushonwa yanayoitwa boyau. Chini ya kutu kulikuwa na kijani. Mzee Athumani aliligonga bomba la juu kwa ukucha, akatega sikio, akasema chuma hiki kilipikwa na watu wenye subira, kwa hiyo na sisi tusikiharakishe.

Hatukukiharakisha. Tuliifungua yote. Deo alikuwa akija akitoka kazini, anakaa kwenye kreti, anaosha goroli kwa mafuta ya taa moja moja na kuzipanga kwenye gazeti kama mtu anayechambua mchele. Tulinyoosha uma wa mbele uliokuwa umepinda. Nilisuka magurudumu upya. Klaveti zote mbili nilizichonga mimi, na ya kushoto niliitia alama ndogo ya tupa kichwani kwa sababu nilikuwa kijana na nilijipenda. Fundi wa rangi za magari akairudishia kijani chake. Jumapili ya kwanza Deo aliiendesha mpaka Kibenga, ukingoni mwa ziwa, akarudi kabla chai yake haijapoa, au ndivyo alivyodai. Mimi chai yake niliinywa. Kila mwaka aliileta tuipake grisi, na kila alipoiacha aliiingiza klaveti ndani ya soksi ya kushoto. Mfukoni, alisema, vitu vyake vilikuwa na tabia ya kupotea, na mkewe alishachoka kutafuta funguo.

Kisha vita vikaja. Sitaeleza jinsi vilivyoanza. Waliovianzisha wana watu wa kuwaandikia. Mtataka kuniuliza Deo alikuwa nani, yaani kabila lake, nanyi mnajua kuliuliza swali hilo hata kwa kukohoa tu. Alikuwa mteja. Swali hilo ndilo lililosimama kwenye vizuizi vya barabara likiwa na mawe mkononi, na atakayeliuliza ndani ya karakana hii nitampandisha kwenye paa akazibe matundu, hata kama nimestaafu.

Katika siku zile kulikuwa na kitu walichokiita mji mfu. Vijana waliamka, wakafunga njia, na aliyepita akaonyeshwa kwa nini hakupaswa kupita. Magari yalilala, maduka yakafungwa, na baiskeli ikawa mali kuliko gari, kwa kuwa inaweza kubebwa begani na kupitishwa uchochoroni. Deo alikuwa ameshampeleka mkewe na mtoto Kibenga kwa dada wa mkewe, ambako kulikuwa na utulivu kidogo, na yeye akabaki Nyakabiga kwa sababu ya kazi. Wakati huohuo fremu ikapasuka chini ya kiti. Akaileta.

Nilikuwa na shaba ya kuungia, lakini chupa ya gesi ilikuwa tupu na gari la gesi halikuweza kuingia mjini. Kuna waliomshauri aipeleke kwa mwenye mashine ya umeme. Sikilizeni, na hili mlishike hata mkisahau mengine yote: bomba jembamba la zamani haliungwi kwa umeme. Umeme unalichoma, na litavunjika palepale pembeni mwa kiungo siku mwenyewe yuko kwenye mteremko. Deo alilijua hilo. Akasema atangoja. Nikagonga klaveti ikatoka, nikampa, akaitia kwenye soksi. Tulikubaliana arudi gesi ikipatikana, nami nikamtumia habari ilipopatikana. Niliuunga ule ufa polepole, shaba ikatiririka ndani ya kiungo kama asali, nikausugua mpaka kidole hakikujua palipopasuka. Ikawa tayari. Siku aliyoahidi njia zilifungwa na hakuja. Kesho yake wakaja wengine.

Walikuja mchana, kikundi cha vijana, na aliyewatangulia nilimfahamu kwa sura kwa kuwa alikuwa akisimama kwenye kizuizi cha njia ya Nyakabiga. Jina lake siliandiki, mtalijua wenyewe mkifika mbele. Hakunisalimu. Alifungua kiganja, na juu yake kulikuwa na klaveti yenye alama yangu ya tupa.

“Muzee, leta ile kinga ya kijani,” alisema, akiionyesha baiskeli kwa kidole. “Deo amenituma.”

Nikamuuliza Deo mwenyewe yuko wapi.

“Deo amechoka. Ameniambia mi nikamate kinga.”

Mmoja nyuma yake akacheka. Kile kicheko ndicho kilichonieleza yote. Nimewahi kuwa na hasira kabla ya siku hiyo na baada yake, lakini ile ilikuwa na uzito wake, kama fuawe iliyowekwa kifuani, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuiondoa. Sheria ilikuwa upande wake. Mwenye klaveti ndiye mwenye baiskeli. Kama tungekuwa mtaani kwao angeichukua bila maelezo, lakini hapa palikuwa Buyenzi, washonaji walikuwa kwenye cherehani zao, akina mama wa mkaa wapo, na Buyenzi ilikuwa haijawa ya mtu bado. Ndiyo maana alikuja kwa adabu ya karakana. Aliua kisha akafuata utaratibu.

Nikaichukua klaveti nikaenda nayo kwenye baiskeli. Nikaigeuza, bapa lake likatazama nje badala ya kutazama ekseli. Fundi yeyote angeona. Yeye hakuwa fundi, yeye kazi yake ilikuwa kusimama njiani. Nikaisukuma, ikaishia katikati. Akaniambia nigonge. Nikagonga. Ikakataa, kama nilivyojua itakataa. Basi nikainua sauti ili washonaji wasikie, na wauza mkaa wasikie, na kila mtu awe shahidi.

“Hii klaveti apana ya hii kinga,” nilisema. “Mutu yeyote aje aangalie. Sheria iko ileile kwa wote.”

Watu wakasogea. Wale vijana wakatazamana. Yule wa mbele akanipokonya klaveti, akaitupa kwenye mfereji wa maji machafu, akasema mimi ni mzee wa bure na atarudi na watu. Walipokunja kona niliingia mferejini mpaka magotini, na huko ndiko nilikoipata.

Hakuwahi kurudi, kwa sababu vita vilimtangulia kufika. Risasi zilipoingia Buyenzi tulikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mimi nilikimbia na baiskeli ya Deo kwa kuwa huwezi kukimbia na karakana. Mama Zuwena, mke wangu, aliketi kwenye bomba la juu na cherehani yake mapajani, akinilaumu kila tulipopita shimo. Mzee Athumani naye alikuwa Uvira, kwa mtoto wake, macho yameshaisha. Nikamweleza yote. Akaomba klaveti, akaipapasa, akaipata alama.

“Ulifanya vizuri,” alisema. “Lakini sasa chuma iko na ulimi, na ule ulimi ni wako.”

Sikumwelewa. Nilidhani ni uzee. Akaniagiza jambo moja, kwamba nibadilishe chochote kwenye ile baiskeli isipokuwa mkono wa kushoto, kisha akalala, na hakumaliza mwaka.

Nami nilibadilisha. Baiskeli isiyotembea inakufa, na sisi tulihitaji kula. Boyau hazikupatikana kokote, basi nikatia magurudumu madogo kidogo ya baiskeli ya kike, yanayokubali tairi nene za kawaida. Breki zikawa hazifikii rimu, nikazitengenezea vipande vya bati nene vya kuzishusha. Usukani wa pembe za kondoo niliutoa, nikaweka ulionyooka, kwa maana mtu aliyebeba madumu ya mawese haangalii chini, anaangalia askari. Gia nilizitoa, nikaacha mnyororo mmoja mfupi usio na maneno mengi. Nyuma nikaunga portbagaji ya vyuma vya nondo, ya kubebea mzigo, na kwa kazi hiyo niliomba gesi kwa fundi wa Kikongo ambaye alitaka kujua kwa nini mtu anaharibu baiskeli nzuri namna ile. Nilimwambia sikuiharibu, niliificha. Kila kilichotoka nilikifuta, nikakipaka grisi, nikakifunga kwenye gunia. Lilikuwa gunia la mtu, na mtu angelitaka.

Tuliporudi Buyenzi wakubwa wa nchi jirani walikuwa wametufungia mipaka ili kumwadhibu mkubwa wetu. Sikumwona mkubwa wetu akitafuta tairi. Sisi ndio tuliozitafuta, tukazishona kwa nailoni, tukaweka tairi kuukuu ndani ya tairi kuukuu, na waliokuwa na mpya nyuma ya duka walikuwa walewale waliolia na sisi mbele ya duka. Wengi wenu mlifika karakana miaka hiyo. Mnakumbuka baiskeli ya kijani ikitumwa kuchukua mkaa, ikimpeleka mama mjamzito hospitali, ikibeba mbao za jeneza. Mnakumbuka pia mkinicheka kwa ule mkono wa kushoto. Mmoja alipata mikono ya kisasa, mizuri kweli, akataka kunifungia bure kama zawadi, nami nikamfukuza. Sasa mnajua sababu. Ilitembea na klaveti niliyochonga badala. Ile ya Deo ilikaa nyumbani, ndani ya kopo la kahawa.

Kisha wakaanza kusema amani inakuja, watu wakaanza kurudi, na siku moja akaja mwanamke mwembamba mwenye kitambaa kichwani, anauliza bei ya kuziba pancha bila kuwa na baiskeli. Macho yake yalikuwa kwenye ile ya kijani, iliyoegemea ukuta na gunia la mkaa mgongoni. Alipita kidole kwenye vile viungo vilivyochongwa kama majani. Alikuwa Mama Nadine, mke wa Deo. Kutoka Kibenga vita vilikuwa vimemtupa kambini, na kutoka kambini hadi Buterere, kwenye kijumba kando ya mashamba ya mpunga ambapo mvua ikinyesha anapandisha vitu vyake kitandani. Aliniuliza mwenye baiskeli yuko wapi. Nikamwambia na mimi namngoja.

Nilituma nyumbani kopo la kahawa likaletwa, nikampa klaveti, nikamweleza ilivyonifikia. Hakulia. Nilimwambia baiskeli ni yake, na kwamba kila kitu cha zamani kimo kwenye gunia, nitairudisha kama ilivyokuwa, aiuze au afanye apendavyo. Aliifunga ile klaveti kwenye pindo la kitenge.

“Mi sitaki kinga, Fundi,” alisema. “Nataka nijue Deo amelala wapi. Siku nitajua, ndiyo nitakuya kuikamata.”

Na yule wa kizuizini? Yupo. Amenenepa. Ana duka la vigae katikati ya mji, ana gari, anatoa mchango kwenye harusi, na watu wazima wanamwita Boss. Mmemfungia mizigo ya vigae kwenye mikokoteni yenu, baadhi yenu, na mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenichoma zaidi ya gesi. Ninapoeleza jambo hili kwa watu wenye busara wananiambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nawajibu kwamba mwanamke anayelala Buterere bila kujua mumewe yuko shimo gani anaumwa leo, hakuumwa zamani. Kama hiyo si ndwele, basi wanieleze ndwele ni nini.

Nikairudisha baiskeli katika hali yake. Mliniona nikibaki nayo baada ya kazi. Pembe za kondoo zikarudi, gia zikarudi, breki zikapanda mahali pake. Magurudumu yale ya asili niliyapatia boyau kwa mtu aliyekuja kutoka Ulaya kumzika baba yake. Kitu kimoja tu sikukitoa, ile portbagaji ya nondo. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini nimeacha kituko kile kwenye baiskeli ya mbio. Niliiacha kwa sababu Mama Nadine alihitaji mahali pa kukaa.

Ijumaa moja baada ya swala nilikwenda Buterere, nikampakia, tukaenda kwenye duka la vigae. Niliiegemeza baiskeli mlangoni kabisa, wateja wakiwemo. Bwana mwenye duka alitoka, akaitazama, akanitazama. Alitujua. Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida, klaveti aliyoniletea aliipata wapi.

Alitabasamu. Alikuwa na jibu lake tayari, nadhani alikuwa nalo miaka yote.

“Si wewe mwenyewe ulisema apana ya hii kinga?” alisema. “Ulisema mbele ya batu.”

Hapo ndipo nilipomwelewa Mzee Athumani. Uongo wangu uliookoa baiskeli ndio aliokuwa amejifunika nao. Mashahidi niliowaita ni mashahidi wake. Nilimwomba Mungu asinipe nyundo upesi. Kisha nikaitaka nyundo kwa kazi yake. Mama Nadine alifungua pindo la kitenge. Niliigeuza baiskeli juu chini pale barazani, nikagonga ile klaveti ya badala ikatoka, nikaiweka ya Deo, bapa likitazama ndani kama inavyotakiwa. Iliingia hadi mwisho kwa kidole gumba tu. Nikaigonga mara moja ikalia ule mlio mfupi mnaoujua, wa chuma kilichofika kwake. Nikawaambia wateja siku ile nilidanganya kwa kuwa nilikuwa naogopa na nilikuwa na hasira, na leo siogopi. Nikamwuliza tena.

Akasema haijui klaveti wala hamjui Deo. Tukaondoka.

Ijumaa iliyofuata tukarudi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtu alitupa mawe juu ya bati la nyumba yangu, na Mama Zuwena aliyakusanya akaongezea kwenye jiko lake la nje, akasema ni mawe mazuri. Safari hiyo yule bwana alisema labda aliiokota njiani, ujana una mambo mengi. Mimi nilishafungua mdomo nimtukane. Mama Nadine akanigusa mkono, na kwa mara ya kwanza akazungumza naye mwenyewe.

“Bwana wangu aliiwekaga mu soksi,” alimwambia. “Utaokota namna gani kitu iko mu soksi ya mutu?”

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja aliweka chini kigae alichokuwa ameshika, akatoka. Mwenye duka aliingia ndani.

Tumekwenda Ijumaa nyingi tangu hapo. Kutoka kutomjua Deo alifika kuokota, kutoka kuokota amefika kupewa. Alipewa na mwenzake, anasema sasa, na mwenzake amekufa. Wiki iliyopita, bila kuulizwa, alisema walikuwa gizani na yeye hakushika chochote. Njiani tukirudi nilikuwa nikilaani kwa kila hatua. Mama Nadine, nyuma yangu, alisema, “Anakuya, Fundi. Anakuya pole pole.”

Basi, aliyeuliza kuhusu nafasi, jibu lako ni hili. Karakana haiuzi kazi ya mteja. Magoti yangu yamekataa. Nilifika Buterere mara ya mwisho nikiisukuma. Kuanzia Ijumaa hii mmoja wenu atakwenda, na akichoka atakwenda mwingine, na sikuombeni, nawapangia kazi kama nilivyowapangia siku zote. Mama Nadine ni mwepesi lakini hukaa upande, kwa hiyo kazeni bolti za portbagaji kabla ya kutoka. Breki ya nyuma ivuteni mapema. Mkifika pale dukani msimtukane, msipige kelele, iegemezeni mlangoni ambapo ataiona, kisha mwacheni mama aulize.